Somo la Kiingereza: Kuogelea, Kuelea na Kufa Maji

Leo tujifunze maneno ya majini, maana moja kati yake linaweza kuharibu habari za familia yako ndani ya faili.

Sisi tukisema "alizama", msikilizaji bado atauliza: akafa au akaokolewa? Kiingereza hakimwachii nafasi ya kuuliza. "Sink" ni kwenda chini tu: jiwe, mtumbwi, hata mtu. Lakini "drown" ni kufa maji. Ukisema "he drowned", umekwisha kumzika.

Wengi wetu kutoka Fizi na Uvira tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, na wengine baadaye. Tuseme mama anamweleza ofisa, "My son drowned", kumbe mtoto aliokolewa na wavuvi. Ofisa ataandika marehemu. Siku mtoto huyo akija kuandikishwa, mama ataonekana mwongo, naye hakudanganya. Angesema: "The boat sank. My son nearly drowned." Hilo "nearly" ni nusura, na lisisahauliwe. Kama hujui mtu wako yuko wapi hadi leo, acha kabisa "drown". Sema "He is missing", yaani hajaonekana. Hata ukiwa na mkalimani, usiishie kwenye "alizama". Mwambie akafa, au akatolewa mzima.

Petro naye, katika Mathayo 14:30, kwa Kiingereza alianza "sink". Alishikwa mkono kabla ya lile neno lingine.

"Swim" ni kuogelea, kwa nguvu za mikono na miguu. "Float" ni kuelea, kama gogo. Katika Matendo 27 wale waliojua "swim" waliruka kwanza, wengine wakafika pwani juu ya mbao. Zamani Waingereza hawakutenganisha sana: Biblia ya King James ya mwaka 1611 inasema chuma cha shoka cha 2 Wafalme 6 kili-"swim", ila tafsiri nyingi za siku hizi husema "float".

Vijana huchanganya kuoga na kuogelea, kwa kuwa kwetu ni maneno ndugu. Ukimwambia mgeni "I swim every morning", atadhani una mto nyuma ya nyumba! Kuoga sema "I take a bath".

Kwenye zahanati, "My head is swimming" ni kizunguzungu, wala hakuna maji hapo. Na "the sink" jikoni ni beseni la kuoshea vyombo, lile lenye bomba.

Kwa wakati uliopita, kariri: swim, swam, swum, sink, sank, sunk, drown, drowned, drowned.

Zoezi. Andika kwa Kiingereza:
Mtumbwi ulizama usiku.
Watu wawili walikufa maji.
Dada yangu aliogelea hadi ufukoni.
Mjomba hajaonekana.

Leteni madaftari Jumatano baada ya maombi, tusahihishe pamoja.