Magonjwa Yenye Majina ya Wahusika wa Hadithi

Wanafunzi wa baiolojia wamezoea kuona ugonjwa ukiitwa kwa jina la tabibu aliyeueleza. Yapo, hata hivyo, majina ya kitabibu yaliyotokana na wahusika wa hadithi. Katika makala haya tutatazama matatu, na kupima faida na hasara zake.

La kwanza ni sindromu ya Pickwick. Sindromu ni dalili kadhaa zinazotokea pamoja. Katika riwaya ya Charles Dickens kuhusu Bwana Pickwick, iliyotolewa sehemu kwa sehemu mwaka 1836 na 1837, yumo kijana mtumishi aitwaye Joe, mnene kupita kiasi, ambaye husinzia na kukoroma hata akiwa kazini. Mwaka 1956 Burwell na wenzake, matabibu wa Marekani, walieleza habari za mgonjwa mnene aliyeshikwa na usingizi katikati ya mchezo wa karata, ingawa mkononi alikuwa na karata nzuri sana. Wakaihusisha hali yake na riwaya hiyo.

Mgonjwa yule hakuwa mvivu. Mwenye maradhi haya hapumui vya kutosha. Kwa hiyo kaboni dioksaidi huzidi katika damu na oksijeni hupungua. Tena, mara nyingi njia yake ya hewa huziba usiku, usingizi ukakatika mara kwa mara. Mchana hulemewa na usingizi, na hatimaye moyo nao hudhurika. Uzito wa mgonjwa yule ulipopunguzwa, alipata nafuu.

La pili latokana na Baron Munchausen, msimulizi wa visa visivyosadikika katika kitabu cha Rudolf Erich Raspe cha mwaka 1785. Mwaka 1951 tabibu Richard Asher wa Uingereza alilitumia kwa watu wanaozunguka hospitali wakitoa habari za uongo juu ya maradhi yao. La tatu ni la Alice, msichana wa kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865, ambaye mwili wake hukua na kusinyaa. John Todd alilitumia mwaka 1955 kwa wagonjwa wanaohisi kwamba mwili au vitu vimebadilika ukubwa. Baadhi yao huugua kipandauso.

Majina haya hukumbukwa upesi, lakini hayaelezi chanzo cha ugonjwa. Zaidi ya hayo, Joe huchekwa na Munchausen ni mwongo. Mgonjwa aweza kubebeshwa dhihaka hiyo. Ndiyo sababu matabibu wengi sasa hupendelea jina linalotaja unene na upungufu wa upumuaji.

Mwalimu naye ana fundisho hapa. Mwanafunzi anayesinzia darasani kila siku asiitwe mvivu kabla hajachunguzwa.

Maswali
1. Kwa nini kaboni dioksaidi huzidi mtu asipopumua vya kutosha?
2. Jina lipi lafaa zaidi: linalokumbukwa upesi au linaloeleza chanzo? Toa sababu.