Kesi ya Mkopo Kutupwa Kabla ya Ushahidi

Wanachuo wenzangu, huku Mtwara mkopo ni sehemu ya maisha. Korosho zinasubiri mnada, boti inasubiri injini, na bumu likichelewa wapo wanaokimbilia kausha damu. Ugomvi ukizuka, mkopaji husema, "Tutakutana mahakamani!" Lakini kesi nyingine hutupwa hata shahidi mmoja hajapanda kizimbani. Inakuwaje?

Tuseme mvuvi wa Mikindani kaweka nyumba rehani anunue injini. Marejesho yakamshinda, mkopeshaji akaiuza nyumba. Mvuvi akafungua kesi, akaandika tu kwamba kaonewa na riba ni kubwa mno. Wakili wa mkopeshaji anasimama na pingamizi la awali: hati ya madai haionyeshi sababu ya kudai. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya VII kanuni ya 11, inaruhusu hati kama hiyo ikataliwe. Mahakama haitazami uchungu, inatazama haki iliyovunjwa. Angetaja tarehe ya mkataba, akaeleza kwamba nyumba iliuzwa bila notisi ya siku 60 inayotakiwa na Sheria ya Ardhi, hapo pangekuwa na jambo la kusikilizwa.

Kikwazo cha pili ni muda. Madai ya kuvunjwa kwa mkataba yana miaka 6. Ikipita, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inaitaka mahakama iyatupe hata kama mdaiwa hajalalamika.

Hata hivyo, mkopeshaji naye ana mipaka. Katika kesi ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema pingamizi la awali ni hoja ya sheria tupu, na maelezo ya upande wa pili huchukuliwa kuwa ya kweli. Kwa hiyo, mkopeshaji akidai "notisi nilimpa" na mvuvi akasema "sijaiona", hilo linahitaji ushahidi. Haliwezi kumalizwa kwa pingamizi.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kesi ya Ngoni-Matengo ya mwaka 1959, iliyohusu chama cha ushirika cha majirani zetu wa upande wa Songea, ilitofautisha kufutwa na kutupwa. Shauri lenye kasoro ya kisheria hufutwa: mdai anaweza kurekebisha na kurudi, mradi muda haujaisha. Lililotupwa limeamuliwa, na njia iliyobaki kwa kawaida ni rufaa. Watu wengi wakisikia "kesi imeondoka" hurudi nyumbani wakakata tamaa, kumbe siku zao zinahesabika.

Sisi ni walimu watarajiwa. Kesho tutakuwa Msimbati au Nanyamba, na mzazi atatuletea karatasi ya mahakama tumsomee. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, basi kuisoma si kazi ya wakili peke yake. Mtazamie mambo mawili: imefutwa au imetupwa, na amri ni ya tarehe ngapi. Halafu mwambie asikae nayo, aende kwa msaada wa kisheria mapema.