Nenda Mumbai Ukiwa Mzima

Ukimwambia mtu wa Mbinga kwamba unakwenda India, atakupa pole kabla hajakuuliza unaondoka lini. Halafu atauliza kwa sauti ya chini kama ni moyo au ni figo. Ana sababu. Kwa wengi wetu huku Ruvuma, India ni mwisho wa safari ya rufaa: mgonjwa ametoka Litembo au Peramiho, amepelekwa Muhimbili, na kutoka hapo familia imechangishana ili afike Mumbai au Chennai. Anayefika kwa njia hiyo anaujua mji kupitia dirisha la wodi na foleni ya dirisha la dawa, basi.

Mimi nilikwenda kutembea, na tangu nirudi nawaambia ndugu na jirani: kama Mungu amekujalia afya na mavuno mawili matatu mazuri ya kahawa, usiisubiri India ikuite kwa ugonjwa. Mumbai ni mji wa bandari, wavuvi na treni, na mtu aliyekulia kando ya Ziwa Nyasa atakuta mengi anayoweza kuyasoma kwa macho yake mwenyewe.

Anza na majira. Mvua kubwa za Mumbai hunyesha Juni hadi Septemba, wakati sisi tuko mashambani tunachuma kahawa, kwa hiyo kalenda yenyewe imetupangia. Oktoba joto huwa kali. Kuanzia Novemba hadi Februari mji ni mkavu, na jioni zinavumilika. Mkulima mwenye ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani, za kupanda mahindi Desemba aende Februari, malipo ya chama cha ushirika (AMCOS) yakiwa yameshaingia. Ukitoka Mbinga mjini, ambako Julai tunalala na mablanketi mawili, lile joto la unyevu litakuchosha siku za mwanzo. Watu wa ziwani, Mbamba Bay na Liuli, watalizoea upesi zaidi.

Pasipoti unaweza kuiombea katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Songea. Fomu hujazwa mtandaoni, na utatakiwa kuwa na namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, na cheti cha mzazi au kiapo. Wengi wetu tuna wazazi waliozaliwa bila cheti, kwa hiyo hicho kiapo kishughulikie mapema. Mtanzania anaweza kuomba viza ya utalii ya India kwa mtandao: picha ya mraba yenye nyuma nyeupe, nakala safi ya ukurasa wa pasipoti, na malipo kwa kadi ya benki. Hakikisha anwani ya tovuti inaishia na gov.in, maana zipo tovuti za mawakala zinazofanana nayo na zinatoza zaidi. Pasipoti iwe na miezi sita mbele na kurasa mbili tupu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe, hasa kama ndege yako inapitia Nairobi au Addis Ababa, na chanjo hiyo uchome walau siku kumi kabla ya safari.

Kutoka Mbinga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 za lami kupitia Songea, Njombe na Iringa. Basi linaondoka alfajiri na kukushusha Stendi ya Magufuli, Mbezi, usiku. Usipange kupanda ndege siku inayofuata asubuhi. Jipe siku nzima ya kupumzika. Mwenye uwezo apande ndege Songea. Air Tanzania ilianza kwenda Mumbai moja kwa moja mwaka 2019, na angani ni kama saa sita. Kule wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu: ikiwa saa mbili asubuhi Mbinga, kwao ni saa nne na nusu.

Chumba kiwekee nafasi mapema, na kabla hujalipa uliza swali moja: je, mnapokea wageni wa nje? Nyumba ya wageni inayompokea mgeni wa nje lazima imwandikishe serikalini, na nyingi za bei nafuu hazijajiandaa kwa hilo. Utaonyeshwa vitanda vitupu na bado utaambiwa hapana. Mitaa ya Colaba na Fort, kusini kabisa mwa mji, ina nyumba zilizozoea wageni, na vitu vingi vya kuona unavifikia kwa miguu. Beba dola ubadilishe katika duka la fedha lenye kibali, na risiti uitunze. Wenyeji hulipa karibu kila kitu kwa simu, hata kikombe cha chai barabarani, lakini mfumo wao umejengwa juu ya akaunti za benki za kwao. Mgeni wa kawaida huishi kwa noti, na noti ndogo ndizo zenye kazi. Laini ya simu itahitaji pasipoti, viza na picha, na huenda ikachukua saa kadhaa kufunguka. Kwa hiyo anwani ya unakolala iandike kwenye karatasi kabla hujaondoka Dar.

Sasa tuingie mjini.

Siku ya kwanza amka saa kumi alfajiri uende Sassoon Dock, gati la wavuvi lililojengwa mwaka 1875, mwendo mfupi kutoka Colaba. Mashua zinashusha samaki kukiwa bado giza. Wanawake wa Kikoli, kabila la wavuvi waliokuwapo kabla mji wenyewe haujawa mji, wamefunga sari zao kwa namna inayoachia miguu kufanya kazi, na ndio wanaonunua, kupanga bei na kuamua. Vaa viatu visivyoogopa maji. Kamera iache mfukoni, maana hilo ni eneo la bandari na walinzi watakuzuia. Kaa pembeni utazame mnada. Bei inavyopandishwa, mnunuzi anavyojifanya hana haja na mzigo anaoutaka, vyote hivyo mtu aliyewahi kusubiri mitumbwi Mbamba Bay atavielewa bila mkalimani.

Ukiwa na siku ya ziada panda kaskazini hadi Versova, kijiji cha Wakoli kilichozungukwa na maghorofa. Huko wanaanika bombil, samaki laini mwenye mdomo mpana. Sisi usipa, dagaa wetu wa ziwani, tunamtandaza juani, juu ya vichanja au mchangani. Wao humwingiza samaki mmoja mdomoni mwa mwenzake, wakawaning'iniza wawili wawili kwenye kamba zilizofungwa juu ya mianzi, mstari juu ya mstari, upepo ukipita kati. Samaki hagusi ardhi hata kidogo. Nilisimama pale muda mrefu nikiwaza mchanga tunaoupembua kwenye usipa wetu. Mama mmoja aliponiona nachunguza alinionyesha kwa vidole jinsi ya kuwaunganisha, na ninaamini jambo hilo linaweza kujaribiwa Lituhi au Liuli kwa gharama ndogo sana. Jingine la kujifunza ni mapumziko: pwani yote ya Maharashtra, boti za injini hufungiwa kuvua baharini Juni na Julai ili samaki wazaliane.

Treni za mji zinawatisha wageni, na kweli zinastahili heshima. Zinabeba mamilioni ya watu kila siku, milango ya nyingi iko wazi, na kituoni husimama sekunde chache tu. Dawa yake ni saa. Asubuhi umati unaelekea kusini, kuanzia saa mbili hadi saa tano. Jioni unarudi kaskazini, kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili na nusu usiku. Wewe panda katikati ya mchana, au Jumapili asubuhi, kutoka Churchgate hadi Bandra. Kwenye ubao utaona kama treni ni ya haraka au ya kila kituo. Chagua ya kila kituo. Wanawake wana mabehewa yao, na dada yangu uliye peke yako, panda hayo. Daraja la kwanza halina anasa yoyote, lakini lina nafasi. Ukiwa Churchgate kwenye saa tano na nusu asubuhi, simama nje utazame wabeba chakula wenye kofia nyeupe wakipanga makopo ya chakula cha mchana kilichopikwa majumbani, kila kopo na alama yake ya rangi. Kazi hiyo ilianza mwaka 1890. Stesheni kuu nayo, Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, ilikamilika miaka ya 1880 na iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2004. Itazame mchana, kisha urudi usiku taa zikiwaka.

Bajaji utazikuta, na makao makuu ya kampuni ya Bajaj yako Pune, jirani tu; ndiyo inayotengeneza pia pikipiki za Boxer zinazopanda milima yetu ya Umatengo kila siku. Lakini bajaji haziruhusiwi kusini mwa mji. Zinaanzia Bandra na Sion kwenda juu. Kusini ni teksi nyeusi zenye paa la njano, na unamwomba dereva awashe mita.

Tao la Gateway of India, lililokamilika mwaka 1924, kila mgeni hupiga picha hapo. Mimi nakuomba ukishapiga picha ugeuke utazame maji, kwa sababu hadithi yetu imepita kwenye bandari hiyo. David Livingstone aliagiza meli ndogo ya mvuke kwa ajili ya ziwa letu akaiita Lady Nyassa. Maporomoko ya mto Shire yakaizuia, na ziwa haikuliona. Mwisho wa Aprili 1864 akaiondoa Zanzibar akavuka nayo bahari, akafika Bombay, kama Mumbai ilivyoitwa wakati huo, katikati ya Juni, na hatimaye akaiuza hukohuko. Ndani yake walikuwamo vijana wa Kiafrika, mmoja wao Chuma, Myao aliyetolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861. Aliachwa shuleni Bombay, na mwaka 1866 akarudi Afrika na Livingstone. Ni huyo Chuma ambaye, pamoja na Susi aliyekuwa naye kwenye meli hiyohiyo, aliongoza msafara ulioubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo. Watu wa ukanda wetu walitembea mitaa hii miaka zaidi ya 150 kabla yetu. Sikuona kibao chochote pale kwenye tao kinachowataja. Nimeandika hapa ili angalau wewe ukifika uwataje.

Hapohapo unapanda boti ya kwenda mapango ya Elephanta, kama saa moja majini. Jumatatu hufungwa. Mgeni analipa kiingilio kikubwa kuliko mwenyeji, jambo tunalolifahamu kutoka hifadhi zetu wenyewe. Sanamu ya Shiva yenye nyuso tatu, iliyochongwa ndani ya mwamba na yenye urefu wa karibu mita sita, inatosha kulipia safari. Chakula kifiche, nyani wa pale ni wezi hodari.

Kula ni rahisi. Nyama ya ng'ombe usiitafute, sheria ya Maharashtra inakataza kumchinja. Vada pav, kitumbua cha viazi ndani ya mkate na pilipili, itakushibisha kwa fedha kidogo. Pakiti zenye nukta ya kijani hazina nyama. Maji yawe ya chupa iliyofungwa. Matunga nenda ukanywe kahawa ya maziwa ya watu wa kusini mwa India, inayoletwa kwenye kikombe cha chuma. Kwa mkulima wa Mbinga hiyo ni sehemu ya kazi.

Kuhusu rangi yetu, nitasema wazi. Utatazamwa. Wapo watakaoomba picha na wewe kwa furaha, na wapo watakaokunyima chumba kwa kisingizio kisicho na kichwa. Picha kubali unapotaka na kataa unapochoka; chumba ukinyimwa usibishane usiku, nenda kwingine. Watu walionielekeza njia, wakanishika mkono kuvuka barabara na kunikaribisha chai walikuwa wengi kuliko hao wengine. Ubalozi wetu uko New Delhi, mbali, kwa hiyo namba yake iwe kwenye karatasi ileile yenye anwani yako.

Siku ya kuondoka fika uwanja wa ndege saa tatu kabla ya ndege kuruka. Askari mlangoni hakuruhusu kuingia bila tiketi na pasipoti, kwa hiyo tiketi ichapishe. Simu ikiisha chaji utabaki nje. Tangu Oktoba 2025 metro ya chini ya ardhi inakwenda kutoka kusini mwa mji hadi uwanja wa ndege, na jioni inakuepusha na foleni ya magari. Rupia zilizobaki zibadilishe hapo, ukionyesha risiti ile uliyotunza, kwa sababu Mbinga hutampata wa kuzipokea.