Kahawa Iliyolazwa Katika Pipa la Wiski

Katika miji mikubwa ya Marekani huuzwa siku hizi kahawa yenye harufu ya wiski, kwa bei ya juu. Msomaji aweza kudhani kwamba imechanganywa na pombe. Sivyo, kwa desturi hakuna wiski inayomiminwa ndani yake. Yafaa tujue jinsi harufu ile inavyoingia, maana jambo lilo hilo laweza kumtia hasara mkulima wa Bugisu au wa Bukoba asiyelijua.

Tuanze na pipa. Sheria ya Marekani yaagiza wiski iitwayo bourbon ikae katika chombo kipya cha mti wa mwaloni, kilichounguzwa upande wa ndani mpaka mbao zimefanya makaa. Pipa la kawaida huchukua lita 200 hivi. Likiisha kumwagwa halitiwi bourbon tena, kwa kuwa si jipya. Basi huuzwa. Mengi huvuka bahari mpaka Scotland, ambako wiski ya huko hulazwa ndani yake kwa miaka isiyopungua 3. Mengine huenda kwa watengenezaji wa ramu. Machache hufika kwa wakaangaji wa kahawa. Huitwa mapipa matupu, lakini mbao zake zimekwisha kunywa wiski si haba, na moto umeufanya mti wenyewe utoe harufu ya vanila na ya sukari iliyoungua.

Sasa buni. Buni mbichi iliyokaushwa vizuri ina maji sehemu 10 hadi 12 katika 100, nayo hupokea upesi unyevu na harufu ya mahali ilipo. Mkaangaji huitia ingali mbichi katika pipa lililomwagwa karibuni, hulifunga, na kuligeuza mara kwa mara ili punje zote ziguse mbao. Huiacha majuma kadhaa. Hapa pana hatari: buni ikinywa unyevu kupita kiasi huota ukungu, na mali yote hupotea. Hapana budi kuipima na kuitazama. Mwaka 2017 kampuni ya Starbucks iliuza huko Seattle kahawa ya kisiwa cha Sulawesi iliyofanyiwa hivyo.

Je, hulevya? Alkoholi huchemka kwenye digrii 78 za sentigredi, na kahawa hukaangwa mpaka digrii 200 na zaidi. Karibu yote hutoka kama mvuke, ikabaki harufu. Ambaye dini yake yamkataza pombe na amwulize mwalimu wake wa dini. Kemia haiwezi kumwamulia.

Jambo hili si geni kabisa. Zamani merikebu za tanga zilichukua miezi kutoka India mpaka Ulaya kwa kuzunguka Afrika ya Kusini. Njiani hewa ya bahari ilibadili buni, kijani ikawa manjano, na ukali wa ladha ukapungua. Watu wa Ulaya wakaizoea. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na meli za moshi zikazidi, safari ikawa fupi na ladha ile ikapotea. Ndipo wafanya biashara wa pwani ya Malabar walipoanza kuiweka buni katika maghala yaliyo wazi, ipigwe na upepo wa masika ya kwao mpaka ivimbe. Mpaka leo huuzwa.

Kwa maoni yangu kahawa nzuri ya Elgon haihitaji pipa. Wiski hufunika ladha ya kahawa yenyewe, na mwenye buni hafifu aweza kujificha humo.

Lakini mkulima ana pipa lake asilolijua. Gunia la kahawa likilala karibu na debe la mafuta ya taa, au samaki wakavu, buni hunywa harufu hiyo. Ganda huikinga kidogo tu. Mwonjaji huitambua kwa kijiko kimoja, na bei hushuka.

Mwenye kutaka kuhakikisha achukue chupa mbili kavu zenye vifuniko, atie buni mbichi sawasawa. Katika moja aweke karafuu chache ndani ya kitambaa. Baada ya majuma mawili aitoe karafuu, akaange kila buni katika kikaango chake, kisha amwite mwenzake asiyejua ipi ni ipi, anuse.