Somo la Afya: Mafua Mapya Yakija Masara, Nani Atayatambua Kwanza?

Mwezi Aprili 2009 mafua mapya, yaliyoitwa homa ya nguruwe, yaligunduliwa Amerika Kaskazini. Kabla ya Juni kwisha yalikuwa yamefika Kenya. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alipatikana Kisumu: mwanafunzi aliyewasili na wenzake kutoka Uingereza.

Mwaka 1918 mafua yalishuka melini Mombasa, yakafuata reli na njia za watu hadi bara. Ugonjwa husafiri na msafiri. Nasi Masara tuna machimbo ya dhahabu yanayovuta watu kutoka kila upande, na mpaka wa Tanzania hauko mbali.

Kwa nini tujiandae mapema?

Virusi vipya huukuta mwili haujavizoea. Chanjo nayo huchukua muda: mwaka 2009 ilichukua karibu miezi mitano kuwa tayari. Katika miezi hiyo, kinga yetu ni mazoea ya nyumbani. Dawa za antibiotiki haziui virusi vya mafua, kwa hiyo usizinunue dukani bila kupimwa.

Mambo manne ya kufanya sasa

1. Kuku. Wengi wetu, kuku akianza kusinzia, humchinja kabla hajafa ili tusipate hasara. Acha desturi hiyo. Mafua ya ndege yanaweza kumpata anayemshika, kumchinja au kumnyonyoa kuku mgonjwa. Kuku wengi wakifa ghafla, usiwale wala usiwapeleke sokoni. Usiwaguse kwa mikono mitupu. Mwarifu afisa wa mifugo.

2. Machimboni. Msinywe kwa kikombe kimoja. Wekeni maji na sabuni mahali pa kazi. Mwenye homa na kikohozi apumzike nyumbani.

3. Nyumbani. Amueni mapema mgonjwa atalala wapi na nani atamhudumia. Fungueni madirisha. Mhudumu avae barakoa na anawe mikono kila mara. Wajawazito, wazee na wenye maradhi ya kudumu wasipewe kazi hiyo.

4. Taarifa. Watu kadhaa wa boma moja au shimo moja wakiugua homa na kikohozi kwa pamoja, mwambie mhudumu wa afya ya jamii siku hiyo hiyo.

Dalili za hatari

Kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, au mtoto kushindwa kunyonya: usingoje kesho, nenda kituo cha afya.

Maswali ya kujadili nyumbani au barazani

Je, unamjua mhudumu wa afya wa kijiji chako, na unayo namba yake? Mchimbaji anayeishi kwa kipato cha siku akiugua, nani atamlisha wiki hiyo apate kukaa nyumbani? Chama chenu kikijibu swali hilo leo, kitakuwa kimekinga shimo zima.

Daktari atathibitisha ugonjwa. Wa kwanza kuutambua ni wewe.