Blanketi Halina Zamu

Natengeneza pampu za maji. Kazi hii imenilaza kwenye gesti nyingi kuliko ninavyolala kitandani kwangu Musoma: Sirari mpakani, ambako malori hayanyamazi usiku kucha, Tarime mjini, Nyamongo kwenye dhahabu, na ng'ambo ya Mto Mara, Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Katikati ya mizunguko hiyo ipo Kata ya Gorong'a, ambako safari ya kwanza nililala nyumbani kwa watu. Ninayoyaandika hapa sikuyapata darasani. Mengine niliyapata kwa kujikuna.

1. Vigae vinasema uongo

Zamani nikifika gesti nilikuwa natazama sakafu kwanza. Vigae vikimeremeta na chumba kikinukia dawa ya chooni, naweka begi chini, naandika jina na kabila kwenye kitabu cha wageni, nalipa. Kisha najitupa kitandani na kuokota rimoti ya king'amuzi. Rimoti yenyewe imeviringishwa nailoni na selotepu isiingie vumbi, na ile nailoni ina utando wa mafuta ya chipsi za wageni wote walionitangulia. Nilikuwa naibonyeza huku nakula karanga.

Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Houston, Marekani, walitoa matokeo ya vipimo vya vyumba tisa vya hoteli katika majimbo matatu. Choo na sinki kuwa na bakteria wengi hakukumshangaza mtu. La ajabu ni kwamba rimoti na swichi ya taa ya kando ya kitanda vilikuwa kwenye kundi hilohilo, na pamoja navyo sponji na madekio ya wahudumu. Maana yake kifaa cha kusafishia ndicho kilikuwa kinatembeza uchafu chumba hadi chumba. Niliposoma hayo nilikumbuka tambara moja la buluu nililowahi kuliona Tarime: lilianzia kwenye sinki, likapita juu ya meza, likamalizia kwenye kitasa cha mlango wangu. Mhudumu aliniambia, kwa fahari, kwamba chumba tayari.

2. Uliza zamu

Aliyenifungua macho ni mhudumu mmoja wa Nyamongo, naye hakuwa na nia ya kunifundisha. Niliamka mapema kusubiri gari, nikamkuta uani na mabeseni matatu. Fundi anapenda kujua mashine inavyozunguka, basi nikamuuliza nini kinafuliwa lini.

"Shuka kila mgeni akitoka, anko. Foronya hivyohivyo. Taulo kila siku. Kudeki asubuhi na jioni."

"Na blanketi?"

"Blanketi likichafuka."

"Linachafuka lini?"

Akacheka. "Mgeni akilalamika."

Nilipanda gari nikiwa nalifikiria jibu lile, na kadiri nilivyolifikiria ndivyo nilivyomwondolea lawama. Tarime ni nchi ya juu, nchi ya kahawa na migomba. Mwezi wa saba usiku wake hauvumiliki kwa shuka tupu. Bila blanketi mgeni atahama. Lakini blanketi zito likilowa halibebeki. Kulifua na kulisuuza vizuri, kwa uzoefu wangu, kunakula madumu matatu ya lita 20, na gesti nyingi ninazozifahamu zina mabomba mazuri ukutani yasiyotoa maji, ndiyo maana wananiita. Tena lazima likauke. Kuanzia Machi hadi Mei, mvua za masika, blanketi linaweza kushinda kambani siku tatu na bado linanuka uvundo. Gesti ya vyumba kumi ina mablanketi kumi, labda kumi na moja. Blanketi likiwa kambani chumba hakiingizi hela.

Hapo hujawataja wageni wa mchana, wale wanaoandikwa kitabuni kwamba wamekuja "kupumzika". Chumba kimoja kinaweza kupumzisha watu mara mbili kabla ya wewe kuingia saa moja jioni. Shuka linabadilishwa, nikubali kwamba linabadilishwa. Blanketi linabaki palepale likiwapokea wote, kama mwenyekiti wa kijiji.

Tangu siku hiyo siulizi kama chumba ni kisafi. Hakuna mhudumu atakayejibu hapana. Nauliza kitu gani kinafuliwa siku gani. Uchafu wa gesti, nilivyokuja kuuona, haukai kwenye vitu vinavyooshwa vibaya. Unakaa kwenye vile visivyo zamu ya mtu: blanketi, rimoti, chandarua kilichotundikwa tangu gesti inafunguliwa, kile kipande cha mbao kinachoning'inia kwenye ufunguo. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ipo, na afisa afya anapita kukagua choo na shimo la taka, lakini sijawahi kuona mtu akinusa blanketi.

Dawa yangu ni nyepesi na haigharimu kitu. Naomba shuka la pili. Nalitandaza kati yangu na blanketi, na upande wa kichwani nalikunjia nje kiasi cha mkono mmoja, ili shavu na pua viguse pamba iliyofuliwa jana.

3. Kunguni hachagui tajiri

Nilidhani kunguni ni wa vyumba vya bei ya chini. Walionila vibaya kuliko wote walikuwa kwenye chumba selfu chenye televisheni ya ukutani. Kunguni anafuata damu na joto la mtu, na anasafiri kwa begi. Anaweza kukaa miezi bila kula akimsubiri mteja, kwa hiyo chumba kilichofungwa muda mrefu si salama kwa sababu hiyo peke yake.

Ninachofanya sasa, kabla ya kuvua viatu: nainua kona ya godoro upande wa kichwani, namulika mshono kwa tochi ya simu. Natafuta vitone vyeusi kama vya wino wa kalamu, na magamba makavu. Nikiviona narudisha ufunguo mapokezi bila ugomvi. Begi langu linaning'inia kwenye msumari. Halilali kitandani wala chini. Nikirudi nyumbani nguo zinazostahimili zinaingia maji ya moto, maana joto la nyuzi 50 na zaidi ndilo linalommaliza yeye na mayai yake. Faraja moja ni kwamba haijathibitika kuwa anaambukiza watu ugonjwa. Anakunyima usingizi tu, na asubuhi unapanda mnara wa tangi ukiwa unasinzia.

4. Ndala zako, kopo lako

Hili fupi. Ndala za bafuni za gesti hazikauki, na fangasi wa miguuni anapenda kisichokauka. Nunua zako. Na kopo lile linaloelea kwenye ndoo ya bafuni ndilo hilohilo linaloingia chooni. Usilitumie kusukutulia mdomo. Tangu kipindupindu cha 2015, kilichoanzia Dar es Salaam mwezi Agosti kikasambaa mikoani, sinywi maji ya jagi la mezani hata nikiambiwa yamechemshwa. Anayeniambia yamechemshwa si aliyeyachemsha.

5. Nilimshitaki asiyehusika

Safari ya kwanza Gorong'a nilifika jua limezama, vumbi mpaka kwenye kope. Mwenyeji wangu, mzee wa kamati ya maji, alinipeleka kwake. Nikapewa chumba cha udongo uliokandikwa vizuri, kitanda cha mbao, kibatari, na blanketi la kijivu lenye kiraka. Hakuna kigae. Nilijilaza kwa uangalifu kama mtu aliyelala juu ya mayai. Asubuhi nilimkuta mama mwenye nyumba amelitoa blanketi langu na kulianika juu ya ua, akalipiga kwa fimbo, akaligeuza. Nilidhani ananisafishia mgeni. Kesho yake akalitoa tena, pamoja na ya watoto.

Siku tisa baada ya kurudi Musoma nilianza kuwashwa. Katikati ya vidole, viganjani, kiunoni, na kila usiku ulipoingia ndipo kulipozidi. Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo wanaume wenzangu wa safari wanalijua.

"Umeutoa wapi huo upele, baba?"

"Gorong'a," nikajibu papo hapo. "Nililala nyumba ya udongo."

Nikaenda nao zahanati. Tabibu alinitazama vidole, akasema ni upele wa utitiri, akaandika dawa ya kupaka ya BBE kwa familia nzima, siku moja, wote, hata asiyewashwa. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto au yafungwe kwenye mfuko siku kadhaa, kwa kuwa utitiri ukiachana na mwili wa mtu hauishi zaidi ya siku mbili tatu. Ugonjwa huu si aibu ya mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2017 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Nilianza kumsimulia habari za Gorong'a. Akanikatiza.

"Umewahi kuugua upele kabla?"

"Sijawahi."

"Basi rudi nyuma wiki nne mpaka sita. Kwa mara ya kwanza mwili unachelewa kugundua."

Nikahesabu. Wiki tano nyuma sikuwa Gorong'a. Nilikuwa mjini, kwenye chumba cha vigae vya maua, kitanda kimoja, nikilala mzungu wa nne na fundi mwenzangu, ili posho ya kulala ya mmoja wetu ibaki mfukoni. Usiku sita. Na mwenzangu, sasa nikakumbuka, alikuwa akijikuna na kusema ni joto. Tabibu akaniambia upele unapita zaidi kwa ngozi kugusana na ngozi muda mrefu kuliko kwa blanketi. Kwa hiyo hata blanketi la mjini huenda nimelisingizia. Kilichokuwa cha kushirikiana chumbani mle, na ambacho sikukikagua kwa tochi, ni kitanda chenyewe na mtu aliyelala humo. Shilingi nilizookoa ziliishia kwenye chupa saba za BBE.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliona haya kwa ajili ya yule mama na blanketi lake la kiraka, lililokuwa linapigwa jua kila siku ya Mungu.

6. Kushirikiana kuna utaratibu wake

Gorong'a kuna mengi ya kushirikiana. Ugali unakaa katikati, mikono sita inaingia. Lakini kabla ya hapo mtoto anapita na jagi na beseni, anammiminia kila mtu, maji yanaanguka, hayarudi. Linganisha na mgahawa wa stendi, ambako nimewahi kuona beseni moja la maji ya kijivu likinawisha meza nzima, wa mwisho akitoka na mikono michafu kuliko alivyoingia nayo. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila gesti ilikuwa na ndoo ya maji tiririka mlangoni. Leo nyingi zimebaki na kigoda chake tu.

Mzee alinisimulia pia unywaji wa pombe wa enzi za baba yake: chungu kimoja, wazee wameketi kukizunguka, mirija mirefu.

"Hamkuogopa magonjwa?" nikamuuliza.

"Mura, chungu kilikuwa cha wote," akasema. "Lakini ugemshika mtu mrija wake!"

Kiswahili chake kilikuwa na Kikurya ndani, na alisema vile akiwa amenyoosha kidole kama ameshika mrija kweli.

7. Shuka langu

Baada ya upele nilishona shuka langu mwenyewe, la pamba, limekunjwa pande mbili na kufungwa chini kama mfuko. Naingia ndani yake kama barua kwenye bahasha. Nalisifu kwa kila fundi ninayekutana naye. Nimelala nalo Sirari, Nyamongo, Mugumu. Blanketi la gesti likae litakavyo, mimi nimo kwenye changu.

Mwaka jana pampu ya Gorong'a ilikorofisha tena, nikafikia kwa mzee yuleyule. Jioni mama aliniletea blanketi la kijivu. Lilikuwa bado na joto la jua. Nikashukuru, kisha kwa mazoea nikachomoa shuka langu kwenye begi, chini ya spana na buti za kazi, nikalikung'uta. Nilimweleza, kwa adabu zote, kwamba si kwamba nalidharau blanketi lake. Ni utaratibu wangu tu, kwa sababu vitu vya gesti havijulikani vimefuliwa lini.

Akalishika pindo. Akalisogeza karibu na kibatari, akalinusa.

"Na hili lako, mwanangu, umelifua lini?"

Nikaanza kuhesabu. Mugumu usiku nne. Kabla yake Nyamongo, usiku tatu, au tano. Kabla ya Nyamongo Sirari. Nilipofika Sirari nikanyamaza. Mama hakusubiri nimalize. Alikwisha kulitia kwenye beseni, akamwita mjukuu alete sabuni.