KUNG'OA JINO: KABLA NA BAADA

Leo tunajifunza jinsi ya kujitunza kabla ya kung'oa jino na baada ya kung'oa. Daktari hung'oa jino kwa muda mfupi tu. Lakini kulitunza shimo linalobaki mpaka lipone ni kazi ya mwenye jino.

Jino bovu si jambo geni huku kwetu. Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871, aliandika kwamba meno ndiyo yaliyoonyesha uzee wa mzee yule. Chakula kigumu cha huko Lunda kilikuwa kimeyaharibu. Wakati ule hapakuwa na daktari wa meno. Leo tunayo Hospitali ya Maweni, Kigoma. Basi hakuna sababu ya mtu kung'olewa jino uani kwa koleo.

KABLA YA KUNG'OA

1. Nenda mapema. Muulize daktari, "Jino hili laweza kuzibwa?" Tundu likiwa dogo huzibwa, nalo jino likabaki.

2. Usiweke tumbaku wala aspirini juu ya fizi. Aspirini huunguza fizi, wala haiponyi jino.

3. Piga mswaki, kisha kula chakula. Mwenye njaa huweza kupata kizunguzungu.

4. Mwambie daktari ukweli. Je, una mimba? Una presha, kisukari au ugonjwa wa moyo? Unameza dawa gani? Ukijikata, damu hukawia kuganda? Kuna dawa iliyowahi kukudhuru?

5. Chagua siku za kupumzika. Wavuvi wa dagaa hukaa nchi kavu wakati wa mbalamwezi, maana taa hazivuti dagaa vizuri. Siku hizo zafaa. Lakini kama uso umevimba, usingoje mwezi. Nenda leo.

BAADA YA KUNG'OA

Mtu akijikata mguu, tunamfunga bandeji. Shimo la jino nalo lina bandeji yake: ni damu iliyoganda humo ndani. Damu hiyo ikitoka, mfupa hubaki wazi. Hapo maumivu huja makali kuliko yale ya kwanza, tena mdomo hunuka. Kwa hiyo ilinde hivi:

1. Ng'ata pamba uliyopewa kwa muda wa nusu saa. Usiitoe kila mara kutazama.

2. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, wala usiguse shimo kwa kidole au ulimi. Mate yenye wekundu kidogo yasikutishe.

3. Usile wala kunywa cha moto mpaka ganzi iishe, usije ukajiunguza. Kula uji uliopoa, au ugali laini na mchuzi. Ukila mgebuka, ondoa miba yote. Tafunia upande wa pili.

4. Usivute sigara wala kunywa pombe. Usivute nyavu, wala usibebe gunia la mihogo au dumu la mawese siku hiyo. Kazi nzito hurudisha damu.

5. Meza dawa ulizopewa na daktari tu. Usijinunulie aspirini, maana huzuia damu isigande.

6. Kesho yake anza kusukutua taratibu. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu. Chumvi ya Uvinza yatosha, huna haja ya dawa ya bei kubwa. Fanya hivyo kila baada ya kula. Meno mengine yapige mswaki kama kawaida.

RUDI HOSPITALI UPESI

Rudi kama damu haikomi hata baada ya kung'ata pamba tena. Rudi kama maumivu yamezidi siku ya pili au ya tatu, au una homa. Na mtu akivimba chini ya taya au shingoni, akashindwa kumeza au kupumua, asilale nyumbani hata usiku mmoja. Usaha wa jino ukishuka shingoni huua. Kama mko kijiji cha mbali kando ya ziwa, tafuteni mtumbwi wa injini au gari saa hiyo hiyo.

MASWALI

1. Bandeji ya shimo la jino ni nini?
2. Kwa nini hatusukutui siku ya kwanza?
3. Ni dalili gani zinazomrudisha mgonjwa hospitali?

Msomeeni somo hili na jirani asiyejua kusoma.